Kanyaga Mahindi

Siku hizi magari hula mahindi matupu, na madereva waliozoea kusema "kanyaga mafuta" husema "kanyaga mahindi".

Ambakisye alipakia gunia zima la mahindi la kumpelekea mama yake kule Tukuyu. Kila penye mlima gari lililegea, naye akashuka, akachota mahindi guniani, akalilisha. Moshi wake ulinukia bisi.

Mama alilipokea gunia lililonywea, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mgeni wangu ni wewe, baba, si mahindi." Yaliyobaki akayapikia kande, wakala wakipiga soga mpaka jua likainama.

Wakati wa kuondoka gari liligoma kuwaka. Mama akaingia jikoni, akaangua mahindi yaliyoning'inia juu ya meko, akayapukuchua kwenye ungo, akayamimina mwenyewe ndani ya tangi.

"Mama, hiyo si mbegu yako ya msimu?"

"Kwani wanao hawakungoji?"

Gari likanguruma. Mama akampungia kwa ungo mtupu.

"Mwezi ujao nakuletea gunia lingine!" Ambakisye alipaza sauti, akakanyaga mahindi.