Kiti cha Mzee Idarusi

Kompyuta mpakato mpya ya hospitali iliwaka, ila kioo chake kilibaki cheusi. Kadi yake ya picha ilikuwa ngeni kwa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta hiyo, na programu ya kuiendesha kadi hiyo ilikuwa ikiandikwa na mtu mmoja tu, Mzee Idarusi, aliyejitolea bila malipo. Fundi Zuwena alimjua kwa barua pepe tu.

"Fundi, kesho napasua kichwa cha mtu," daktari alisema. "Bila kuziona picha zake, nipige ramli?"

"Mzee Idarusi aliahidi kuituma programu leo, daktari."

"Huyo wako wa bure?"

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Zuwena. Aliusoma kwa sauti.

"Mimi ni mke wa Idarusi. Tulimzika jana. Kazi yako aliimaliza, imo kwenye kompyuta yake, ila sijui kuituma. Bado inawaka. Sijaigusa tangu alipoinuka pale."

Daktari aliinamisha uso.

Zuwena aliandika pole, akaifuta, akaiandika tena. Kisha akaongeza: "Mama, nitakuelekeza hatua kwa hatua. Kwanza kaa kwenye kiti chake."

Walingoja. Wauguzi walibadilishana zamu ukumbini. Jibu lilipofika lilikuwa neno moja.

"Nimekaa."