Hita ya Babu

Haki ya Mungu haya ni kweli tupu, ng'ombe wangu ni shahidi.

Wajukuu wa hapa Machame wamenichosha. Taa zinawaka mchana kweupe, runinga inajitazama yenyewe sebuleni. Nikaweka sheria: anayeacha umeme ukiwaka bure, akamkatie ng'ombe majani.

Jana mmoja wao, Leonia, akaacha taa ya stoo ikiwaka. Kabla hajaenda na mundu wake, nikamkalisha na wenzake.

"Kuna jirani aliacha taa hivyo hivyo. Migomba ikadhani ni jua! Ikainamia dirishani yote, mkungu ukaingia mpaka kitandani."

"Ndizi ziliiva, Babu?"

"Usinikatize!"

Nikahubiri mpaka koo likakauka. Leonia akaangalia mvuke uliokuwa unatoka chini ya mlango wa bafu. Akaenda, akachomoa hita yangu ya kuchemshia maji ya kuoga, akarudi na ndoo.

"Maji yamebaki nusu, Babu. Yametokota muda wote unahubiri."

Nikafungua mdomo nitunge jambo.

"Shikamoo, Babu," akasema kwa adabu zote, akanikabidhi mundu.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Hiyo sikuitunga.