Kitanda cha Mwambani

"Kaka, kibla ni upande gani?" rafiki yake alimuuliza Castory walipoingia kwenye pango waliloishi watu wa kale, juu jabalini Uluguru. Maradhi yalikuwa yamembakiza rafiki huyo mifupa, lakini safari hii aliitaka mwenyewe.

Castory, Mkristo, alidhani mwenzake anataka kuswali. Akamwonyesha mabati ya Morogoro yakimetameta kule chini. "Huko mjini."

Rafiki yake akavua viatu, akapanda kitanda kilichochongwa mwambani, chembamba, kilicholainishwa na migongo ya wenyewe. Akalalia ubavu wa kulia, uso akauelekeza mjini.

Castory alishasaidia kuzika Waislamu wengi mtaani kwao. Mlalo ule aliujua. Simu aliyoinua ampige picha akaishusha.

"Pananitosha," mwenzake akasema.

"Inuka twende. Jua linazama."

Jua lilikuwa utosini.