Rundo la Jirani

Rundo la maganda ya kokoa la jirani yangu lilikuwa linatembea. Nilisimama mpakani, nimejiziba pua kwa shati, nikitazama funza weupe wakipanda gogo la mgomba lililooza. Harufu yake ilinikaa ulimini hadi nikatema mate.

Yule mama jirani mchafu nimemshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji mara mbili. Kijiji kizima cha Ndandalo kinajua kwamba shamba langu hufagiwa kama sebule, na kila ganda huchomwa. Leo nilikuja na kiberiti changu.

"Baba, usichome!"

Alikuwa Tulinagwe, binti yangu wa kidato cha tatu, simu mkononi, bongo fleva ikipiga kelele. Hata hakuizima.

"Ua la kokoa halichavushwi na nyuki. Ni usubi, vile vidudu vidogo. Na vinazaliwa humo humo kwenye uozo. Tumesoma."

"Tangu lini uchafu ukazaa matunda?"

Aliangalia tu miti yetu.

Nami nikaiangalia. Maua yalikuwa yamedondoka chini, yamekauka, kama yale niliyoyafagia mwaka jana na mwaka juzi. Ng'ambo ya mpaka, miti ya yule mama ilikuwa imebeba matunda kuanzia shinani, mekundu na ya manjano, yamesongamana hadi yanasukumana.

Nikarudisha kiberiti mfukoni.

"Zima hiyo simu," nikasema. "Kalete ndoo mbili, tukamwombe yule mama uchafu wake."