Amri Kutoka Kerege

Pazi alikuwa ameshalitia ufunguo gari moshi lake la bati, amelizuia kwa kiganja akingoja saa ya kuondoka, mkewe alipomnyooshea karatasi.

Reli yao ilitambaa sakafuni kutoka chumbani hadi ukumbini, nyumbani kwao Kaole. Kila likizo waliiendesha kwa sheria za kule Tabora, alikokuwa Pazi stesheni masta: njia ni moja, na gari haliondoki kinyume cha amri iliyoandikwa. Kesho yake likizo ingekwisha.

Mkewe, aliyeshika stesheni ya Kerege mchezoni, alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni: “Gari la Tabora lisiondoke.”

Chini ya kiganja cha Pazi magurudumu yalizunguka, yakimtekenya kama kifaranga atakaye kutoka.

“Mpaka lini?”

“Amri haikutaja, bwana.”

“Na wakubwa wangu walioniamuru nirudi kazini kesho?”

“Yao ilitangulia. Si wewe uliyenifunza kuwa amri ya mwisho ndiyo ifuatwayo?”

Pazi alibaki ameinama, kama mtu asikilizaye mvua ya mbali, mpaka magurudumu yakalegea, yakatulia. Kisha akaomba kalamu, akatia saini chini ya amri ile.