Paka Mpima Maziwa

Paka ndiye aliyekabidhiwa na Mfalme Simba kijiti cha kupimia maziwa, tena kwa amri kali: yenye mafuta yapigwe muhuri yaende mezani kwa Mfalme, mepesi yamwagwe. Kila asubuhi Mbuzi alileta kibuyu chake, na kila asubuhi Paka alichovya kijiti, akakunja uso.

“Mepesi, mama. Niachie nikayamwage huko nyuma.”

Mbuzi akarudi nyumbani bila hata konzi ya pumba ya malipo. Siku moja akazunguka nyuma kuchungulia. Lo! Nyasi kavu kabisa, na Paka kitambi kinaburuzika chini.

Kesho yake akaja na kibuyu kingine. “Bwana mpimaji, haya yametoka zizini kwa Mfalme mwenyewe.”

Paka hata kijiti hakukigusa. “Aa, haya mafuta matupu!” Akagonga muhuri kibuyuni.

Kibuyu kikapelekwa mezani kwa Mfalme, Mbuzi akifuata nyuma. Simba akapiga funda moja, akatema. Yalikuwa maji yaliyosuuziwa vibuyu.

“Nani kapitisha uchafu huu?”

Mbuzi akakigeuza kibuyu taratibu, upande wa muhuri.

Tangu siku hiyo Paka hapimi tena. Hujisugua tu miguuni mwa wakamuaji, akililia hata yale mepesi.