Kiti cha Profesa Achterberg

Mhadhara ulipokwisha, aliyegonga meza kwa nguvu kuliko wote alikuwa Profesa Achterberg, na hakupenda hata neno moja la mhadhara ule.

Aligonga kwa vifundo vya vidole, kama wanavyopongezana wasomi wa Ujerumani, mpaka vikombe vya kahawa vikacheza. Wenzake wa kamati ya uteuzi wakamtazama kwa mshangao, kisha nao wakagonga.

Dakta Wiebke Harmsen akakusanya karatasi zake. Alikuwa amezungumzia redio za zamani: wakubwa wa stesheni walitanguliza jina la mwanamke kwenye ratiba, kipaza sauti wakampa mwanamume. Yeye mwenyewe nywele zilishaanza mvi, na bado aliishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, leo Bremen, kesho Jena. Mara nne alikuwa wa pili katika kugombea uprofesa, na wa pili hapati kitu, ila wa kwanza akatae.

Kiti kilichogombewa kilikuwa cha Achterberg, aliyekuwa anastaafu. Kilikuwa cha historia ya vyombo vya habari na jinsia. Hilo neno "jinsia" lilibandikwa juzijuzi na mkuu wa kitivo. Mrithi Achterberg alishampata moyoni. Ni Torsten, aliyembebea mkoba miaka yote, ambaye asingethubutu kumnyang'anya ofisi yake wala dirisha lake. Lakini mkuu wa kitivo alishasema: orodha ya wagombea isiyoanza na mwanamke ataichana. Na yule mgombea mwingine wa kike, binti wa kutoka mji wa Kassel, angeitwa angekuja hata kwa miguu.

Ndipo Profesa Roswitha Gehrke, mwanamke pekee katika kamati, alipomvuta Achterberg pembeni, penye keki ya siagi.

"Mwenzangu, hili nakwambia wewe tu. Harmsen anatakiwa Zurich."

"Sasa huku anatafuta nini?"

"Anataka mwito wetu wa kazi akauoneshe kule, wampandishie mshahara. Si wote wanafanya hivyo?"

"Kwa hiyo hatakuja?"

"Aje mji huu? Mvua na viazi? Thubutu!"

Achterberg akajikatia kipande cha pili cha keki.

Walipofunga mlango kujadiliana, alimsifia Harmsen mpaka jasho likamtoka. Utafiti wa kina! Sauti iliyokosekana! Mzee Pohl wa historia ya kale akamkodolea macho.

"Wewe Eckart, si ndiwe uliyesema mambo ya jinsia ni fasheni, yatapita?"

"Ah, ndugu yangu, mtu si anakua?"

"Unakua leo, na pensheni iko mlangoni?"

Wakacheka. Kisha Achterberg akamnong'oneza habari ya Zurich, na Pohl akamkonyeza. Kumbe alishaisikia kwenye ngazi. Wote walishaisikia. Wa kwanza akawekwa Harmsen, wa pili Torsten, na hakuna aliyepinga. Mkuu wa kitivo alifurahi, nusura awabusu.

"Kapime mapazia," Achterberg akamwambia Torsten.

Torsten alikuwa juu ya kiti dirishani, utepe wa kupimia mdomoni, simu ilipolia.

"Profesa Achterberg? Harmsen hapa. Nakushukuru sana. Nakuja."

"Unakuja... kututembelea?"

"Kufundisha. Leo asubuhi nimesaini."

Achterberg akampungia mkono Torsten ashuke. Torsten akadhani anaambiwa aendelee, akapima dirisha la pili.

"Lakini Bi Harmsen, na Zurich je? Si wanakutaka kule?"

"Zurich?" Mwanamke akacheka taratibu. "Profesa, Zurich hata kukanyaga sijawahi. Hilo la kutakiwa kule nilimwambia Roswitha peke yake, tena nikamwapisha asimwambie mtu."